Mdahalo, Kiswahili, hotuba au mahakama ya kuigiza: ukae benchi gani chuoni Nairobi?

Mpwa wangu ameingia mwaka wa kwanza. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, makanga wakiita abiria nyuma yake, akiniuliza swali moja tu: "Mjomba, nijiunge na gani?" Ananiita Mjomba ingawa tumepishana miaka tisa. Alikuwa ametoka kwenye zile meza ambazo vyama vya wanafunzi hupanga nje wiki ya kuwapokea wageni, na kwenye meza nne aliambiwa maneno yale yale: huku kwetu utajua kuongea. Akaandika jina lake kote. Sasa simu yake ina makundi manne mapya ya WhatsApp, na mazoezi ya yote manne yameangukia Jumatano jioni.

Nimepitia matatu kati ya hayo manne. La nne nililiona kwa karibu kwa sababu niliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa sheria. Kwa hiyo naweza kulinganisha, ila sitatumia kipimo cha mezani. Kuongea utajifunza popote, hilo sibishi. Tofauti iko kwenye muda unaokaa kimya. Siku moja nilipiga hesabu nikagundua kwamba jioni yangu nzima ya mdahalo ilikuwa imenipa dakika 7 za mdomo. Zilizobaki zote zilikuwa za benchi. Tangu hapo mtu akiniuliza kikosi gani ni kizuri, namuuliza: ukiwa hausemi, utakuwa unafanya nini?

Timu ya mdahalo wa Kiingereza

Hii ndiyo kubwa, ndiyo yenye kelele, na ndiyo inayosafiri. Mtindo wake ni wa Bunge la Uingereza, lakini hakuna anayeutaja kwa jina refu. Wote husema BP. Chumba kimoja, timu nne za watu wawili wawili. Timu mbili ni serikali, mbili ni upinzani. Hoja ikishatangazwa mna dakika 15 za kujiandaa, nyinyi wawili tu, bila intaneti na bila kocha. Kisha wazungumzaji wanane wanasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja dakika 7. Dakika ya kwanza na ya mwisho hakuna anayeruhusiwa kukugusa. Zile tano za katikati, mpinzani anaweza kusimama na kunyoosha mkono akitaka kukukatiza. Ukimkubali ana sekunde 15. Ukiwakataa wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, waamuzi wataona umewakimbia.

Kinachowachanganya wageni ni kwamba timu mbili za serikali si marafiki. Waamuzi huzipanga timu zote nne, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa alama 3, 2, 1 na 0. Yule anayetetea upande wako ni mshindani wako sawa na wale walioketi mkabala. Mkiwa serikali ya pili lazima mlete jambo jipya, lakini hamruhusiwi kumpinga aliyewatangulia upande wenu. Mkimpinga, mmemchoma kisu. Ndivyo wanavyosema wenyewe.

Mimi nilichoma kisu kwenye mashindano yangu ya kwanza. Hoja ilikuwa kuwaondoa bodaboda katikati ya jiji, nasi tulikuwa serikali ya pili. Vyumba vilikuwa vimejaa, kwa hiyo tulijiandaa kwenye ngazi, karatasi magotini, mwenzangu akiandika na mimi nikimwambia aandike haraka. Waliotutangulia walisema bodaboda waondolewe mara moja, kanjo, askari wa jiji, waingie kazini. Zamu yangu ilipofika nikasimama na moto wote, nikasema kuwafukuza watu kwa rungu ni ukatili, watoto wao watalala njaa, na kwamba lazima wapewe kwanza muda na mikopo. Watu wakagonga meza. Nikakaa nimejaa sifa. Mwamuzi aliporudi na matokeo alinitazama bila hasira yoyote, akasema, "Hotuba nzuri sana. Ilikuwa ya upinzani." Wa nne, alama sifuri. Jioni ile tulipanda matatu ya Thika Road na sikufungua mdomo mpaka Roysambu.

Sasa turudi kwenye hesabu. Raundi moja ina dakika 15 za maandalizi na dakika 56 za hotuba. Halafu mnatolewa nje waamuzi wabishane, kisha mnaitwa kuelezwa nani amekuwa wa ngapi na kwa nini. Saa moja na nusu inapita hivi hivi, nawe umesema dakika 7. Wikendi ya raundi tano ni dakika 35 za mdomo. Ukiitazama kwa nje ni hasara. Ila benchi ya BP haina usingizi. Dakika zile 49 za wenzako unaziandika zote, unatafuta tundu, na unajua kwamba ukipotea kidogo tu utakuja kujibu kitu ambacho hakikusemwa. Nilizoea kukunja karatasi iwe na safu nane, moja kwa kila mzungumzaji. Mpaka leo kwenye mikutano ya kazini nachora mistari ile ile, na watu wakishabishana nusu saa huwa ndiye ninayeweza kuwakumbusha walianzia wapi.

Kuna mlango mwingine ambao mezani hakuna aliyemtajia mpwa wangu: uamuzi. Mashindano mengi huvitaka vyuo vije na waamuzi wao, na kanuni ya kawaida ni idadi ya timu ukitoa moja. Ukileta timu tatu, leta waamuzi wawili. Kwa sababu kila mtu anataka kusimama mbele, waamuzi huwa adimu kama nafasi ya kukaa kwenye matatu saa kumi na mbili jioni. Mtu mwenye haya akiingia kwa mlango huu anasikiliza saa nzima, anapanga timu, anabishana na waamuzi wenzake, halafu anawaeleza watu wanane walionuna kwa nini wameshindwa. Kwa maoni yangu, hakuna zoezi gumu la kuongea kuliko hilo, na hana haja ya kusimama jukwaani.

Safari zipo, kuanzia wikendi za hapa Nairobi, kuna mashindano ya Afrika Mashariki, kuna ya bara zima, na kuna ya dunia, ambayo wenyewe huyaita Worlds. Hayo ya dunia yalianza Glasgow mwaka 1981, hufanyika mwaka unapogeuka, na yamekuja Afrika mara tatu: Stellenbosch 2003, Gaborone 2011 na Cape Town 2019. Raundi za awali pekee ni tisa. Lakini picha za watu waliovaa beji shingoni zisikudanganye. Chuo hupeleka wachache, na mara nyingi kinachoamua ni tikiti ya ndege kuliko kipaji. Ukifika mezani uliza: mara ya mwisho mlisafiri lini, na nani alilipa? Wakianza kutazamana, jibu umelipata.

Ubaya wake mkubwa ni kasi. Kuna watu huongea Kiingereza kama mnadi ng'ombe, na wengi wao walianza mdahalo tangu shule za karo kubwa. Kanuni zinasema mwamuzi ajiweke mahali pa mpiga kura wa kawaida, mwenye akili na anayefuatilia habari, na kwamba lafudhi haihesabiwi. Worlds hata ina fainali za pembeni kwa wale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au ya kigeni. Pamoja na hayo, aliyetoka shule ya kutwa ya kijijini atahisi muhula wa kwanza wote kana kwamba anakimbiza gari lililokwisha kuondoka. Huwa anafika. Niliyemwona akifika haraka kuliko wote alikuwa na tabia moja: alisema mambo mawili tu kila hotuba, na akayamaliza.

Halafu kuna hili la kutetea usichokiamini. Upande hauuchagui, unapewa. Wengine hulipenda, wengine huchanganyikiwa. Dada yangu, mama yake huyu binti, amenisihi nisimpeleke huko, anasema nyumbani ubishi tayari upo wa kutosha.

Chama cha Kiswahili

Hapa nitatua mzigo, kwa sababu hii ndiyo meza ambayo wengi huipita wakidhani ni ya wanaosomea ualimu. Vyuo vyenye idara ya Kiswahili huwa na chama cha wanafunzi, na juu yake kuna CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, chenye makongamano yanayokutanisha watu wa nchi mbalimbali. Ndani ya shughuli hizo kuna midahalo.

Mfumo wake unatofautiana na BP kwa jambo moja kubwa. Mada hujulikana siku kadhaa mapema. Kuna mwenyekiti, kuna mtunza muda, kuna watoa hoja wa pande mbili. Wakimaliza, ukumbi unafunguliwa. Hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye BP hadhira ni bubu. Hapa mtu wa kiti cha nyuma kabisa anaweza kunyoosha mkono na kuangusha mnara ambao wakubwa wamejenga kwa nusu saa. Dakika zako za mdomo hazina hakika, huenda ukapata kumi, huenda ukapata moja na nusu. Ila benchi yake ni benchi ya mtu anayeweza kuitwa wakati wowote, na hiyo hukufanya ukae wima.

Nilijiunga mwaka wa tatu, nikiwa na kiburi cha miaka miwili ya BP. Chama chetu kilikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Kila neno la Kiingereza linalokutoka, shilingi tano ndani. Mada ya siku ilikuwa deni la taifa. Nikasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti..." Dakika ya kwanza ilitiririka. Ya pili nikatoa "basically" mbili. Ya tatu nikataka kusema nchi inaweza kuwa na mali nyingi na bado ikakosa fedha za mkononi za kulipa, na neno nililokuwa nalo kichwani ni la Kiingereza tu. Nikasema "hiyo kitu". Nikarudia, "hiyo kitu ya pesa ya haraka." Binti mmoja kutoka Kwale aliyekuwa upande wa pili akasimama bila pupa, akasema, "Mwenyekiti, ndugu yangu anataka kusema ukwasi. Nami namsaidia, kisha nitampinga. Na ni kitu hicho." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kopo lilipata shilingi arobaini kutoka kwangu siku hiyo. Neno ukwasi sijalisahau tena.

Kilichoniuma si kicheko. Ni kugundua kwamba lile deni la taifa nililolizungumzia kwa Kiingereza mara sita sikuwa nalielewa. Nilikuwa na misamiati iliyopangana vizuri. Ukilazimika kusema riba, hati fungani, mfumuko wa bei, halafu uyafafanue kwa mtu ambaye hajasomea uchumi, huna pa kujificha. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipowasha nchi, Kiingereza kilikuwa tele mitandaoni, lakini video zilizomfikia mama yangu kijijini, akanipigia simu kuniuliza, zilikuwa za vijana waliouchambua kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Tarehe 26 mwezi huo Rais alitangaza kuuondoa.

Kuna na hoja ya kazi, kwa wanaoipenda. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 120 kinakiweka Bungeni kando ya Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022, na Julai 7 ni siku yake duniani. Mtu anayeweza kujenga hoja ya dakika kumi kwa Kiswahili safi, bila kusitasita, anatafutwa na watangazaji, wakalimani na mashirika, na mjini hapa hayuko kila kona. Nairobi tunaongea Kiswahili kutwa nzima, lakini ukimwomba mtu dakika tano mfululizo bila Sheng na bila Kiingereza, utaona jasho.

Sasa kasoro, maana zipo. Methali hupewa alama za hoja. Mtu amebanwa, hana jibu, anachomoa "haba na haba hujaza kibaba", ukumbi unapiga vigelegele na swali linazikwa hapo. Waamuzi wengine husikiliza ufasaha kuliko mantiki, na mwenye lafudhi ya pwani huanza akiwa mbele bao moja. Ratiba nayo ni ya kubahatisha: programu inaanza saa nane, mgeni wa heshima anafika saa tisa na nusu, hotuba zake zinakula muda wa mdahalo. Pesa hakuna. Na maelezo ya baada ya mdahalo, yale ya kukuambia ulikosea wapi hasa, mara nyingi hayapo. Unaambiwa mmejitahidi, hongereni, soda ziko pale.

Klabu ya hotuba

Nitapita haraka. Jina linalojulikana ni Toastmasters, utaratibu ulioanzishwa na Ralph Smedley kule Santa Ana, California, mwaka 1924, na Nairobi klabu zake zipo. Lazima uwe umefika miaka 18. Unaanza kwa hotuba ya kujitambulisha ya dakika 4 hadi 6, nyingine nyingi ni 5 hadi 7, na kuna maswali ya kushtukiza ya dakika moja au mbili. Taa ya kijani, ya njano, nyekundu, zinakuonyesha muda unavyokwisha. Kila hotuba ina mtu aliyepangiwa kuikosoa, kuna anayeangalia sarufi, na kuna mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu "aaah" na "mmm" zako. Niliambiwa nimetoa kumi na saba. Sikuamini, akanionyesha vijistari.

Benchi yake ina kazi kwa kila mtu, na hilo nalisifu. Ukosoaji ni wa asali: sifa kwanza, dawa katikati, sifa tena. Kwa mtu ambaye magoti humgongana akisikia jina lake, hakuna mahali pazuri zaidi. Lakini hakuna anayegusa unachosema, wanagusa unavyosema tu. Unaweza kudai Mlima Kenya uko Uganda, ukapongezwa kwa kutumia mikono vizuri. Mimi nilichoka baada ya miezi minane. Ada hulipwa kila miezi sita na huhesabiwa kwa dola, jambo ambalo mwanafunzi anayekula chapo madondo anatakiwa kulijua mapema. Kwa upande mwingine, klabu za mjini zina wahasibu na watu wa benki, na wawili niliowajua walipata nafasi ya mafunzo kazini kupitia waliokuwa wakiwahesabia "aaah".

Mahakama ya kuigiza

Kama husomi sheria, ruka. Kama unasoma, basi fikiria vizuri kabla ya kusema ndiyo, maana wanaoita hii "moot" husema kana kwamba ni mchezo wa jioni. Kuna Jessup, ya sheria ya kimataifa, iliyoanza 1960 na kubeba jina la Philip Jessup, Mmarekani aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kuna ya haki za binadamu Afrika, inayoandaliwa na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Mnapewa kesi ya kubuni. Mnaandika hoja za mlalamikaji na za mlalamikiwa, zote mbili, kurasa kwa kurasa, tanbihi juu ya tanbihi. Mdomo ndio wa mwisho kabisa: kwenye Jessup upande mmoja una dakika 45 za kugawana, na majaji hukukatiza sentensi ya pili.

Mwenzangu wa chumba aliishi hivyo kuanzia Septemba hadi Februari. Nilikuwa naamka saa tisa usiku namkuta na taa ya simu, anatafuta kama kesi fulani ni ya 1949 au 1951, na chai yake imeota utando. Dakika ishirini za mdomo kwa nusu mwaka. Lakini yule kijana sasa ukimwambia jambo lolote anauliza kwa upole, "Umelisoma wapi?", na nimeacha kumbishia. Benchi yake ilikuwa maktaba.

Kwa jicho moja

| | Mdahalo (BP) | Kiswahili | Hotuba | Mahakama ya kuigiza |
|---|---|---|---|---|
| Mdomo | Dakika 7 kila raundi | Haitabiriki | Dakika 5–7, si kila wiki | Kama dakika 20 baada ya miezi |
| Maandalizi | Dakika 15 | Siku kadhaa | Unavyotaka | Miezi |
| Benchini | Unaandika, unawinda | Unangoja zamu, unaweza kurukia | Una jukumu | Unasoma |
| Anayekukosoa | Mwamuzi, papo hapo, na sababu | Ukumbi, kwa kicheko | Mwenzako, kwa upole | Jaji, ukiwa bado unaongea |
| Unachomwaga | Wikendi | Subira | Pesa | Usingizi |

Ambalo halimo kwenye jedwali

Unaishi wapi, na mazoezi yanaisha saa ngapi? Nairobi swali hili ni zito kuliko uzuri wa kikosi. Mazoezi ya BP yakisemwa saa kumi na moja hadi moja, jua yataisha saa mbili na nusu, kwa sababu kila mtu ana la mwisho la kusema. Kama unasoma pale State House Road na kulala Kahawa, au uko CUEA huko Lang'ata na kwenu ni Kayole, hesabu gari mbili na kutembea gizani. Mvua ikinyesha nauli inapanda mara dufu kabla hujafungua mwavuli. Timu nzuri huwa na utaratibu: walio njia moja wanaondoka pamoja, na mwenye kufika anaandika kwenye kundi. Timu niliyoanzia haikuwa na utaratibu huo, na wasichana watatu wazuri sana waliacha muhula wa kwanza. Tukasema hawakuwa na moyo. Walikuwa na moyo. Hawakuwa na gari la kurudi Githurai saa tatu usiku.

Na CAT, yale majaribio ya katikati ya muhula. Mashindano hupenda wikendi zile zile ambazo wahadhiri hupenda CAT za Jumatatu. Kwenye BP nilianguka somo moja, la takwimu, nikalirudia. Chama cha Kiswahili hakikuniangusha chochote. Mahakama ya kuigiza, vyuo vingine huitambua na vingine huiona kama starehe yako binafsi; uliza kabla.

Kama hakuna meza iliyokuvuta hata moja, kuna ya tano isiyo na fomu. Bustani ya Jeevanjee, ile iliyotolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, si mbali na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo ndipo Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana kwa miaka mingi, watu wamesimama au kukaa kwenye viti vya bustani, wanabishana juu ya bei ya unga, katiba na mpira. Hakuna mtunza muda. Ukisema upuuzi wanaondoka, umebaki na njiwa. Nilikuwa nawapeleka wanachama wapya pale kusikiliza tu, na zaidi ya mmoja aliniuliza kwa nini tunalipia kiingilio kwingine.

Kwa mpwa wangu nilisema hivi. Woga wa kusimama hana; huyu alikuwa akihutubia kuku akiwa na miaka sita. Klabu ya hotuba aiache. Sheria hasomi. Imebaki BP na Kiswahili. Kama ningekuwa yeye, ningeanza Kiswahili mwaka huu na kuingia BP mwaka ujao kwa mlango wa uamuzi, kinyume kabisa na nilivyofanya mimi, kwa sababu BP ilinipa kasi kabla sijawa na cha kusema, na ilinichukua muda mrefu kuipunguza. Lakini yeye si mimi, na mwenzake wa chumbani keshaingia BP, na hilo nalo lina uzito wake, hasa saa tatu usiku kituoni.

Nikamwambia aende kote kuwili, Jumatano moja moja, na daftari, na asiseme neno. Atazame wale ambao si zamu yao, aandike wanachofanya.

Jumatano ya kwanza alinitumia picha ya ukurasa. Mwandiko wake mbaya kama wa mama yake. "Wanaoandika: 3. Wanaochezea simu: 11. Wanaosinzia: 4. Anayekula mahindi: 1 (huyu anasikiliza sana)." Hakuniambia ilikuwa timu gani, na ya Jumatano ya pili bado sijaipata.